Ukienda Namugongo, Hesabu Nguzo Kwanza

Msee wa Kehancha, kama kila Juni unaskia stori za mahujaji wa Namugongo na hujui huwa wanaenda kuona nini, hii ni yako.

Unashika mathree hadi Migori, unaunganisha Kisumu, unavuka Busia na kitambulisho chako tu, kisha Jinja. Namugongo iko hapo kando ya Kampala. Safari ni ndefu, so usifike upige picha za simu halafu urudi.

Sanaa kubwa hapo ni kanisa lenyewe. Justus Dahinden, msanifu wa Uswisi, alilipa umbo la nyumba ya kiasili ya Waganda, na limezungukwa na nguzo 22 za shaba. Kila nguzo ni ya shahidi mmoja Mkatoliki aliyeuawa kati ya 1885 na 1887, enzi za Kabaka Mwanga. Wengi walikuwa mayut waliotumika ikulu, na waligoma kukana imani yao. Kizito alikuwa na miaka kama 14 hivi. Manze, huyo angekuwa bado shule!

Ukiingia, cheki altare. Hapo ndipo Karoli Lwanga alichomwa tarehe 3 Juni 1886.

Siku hiyo ya Juni umati huwa noma, hutaona kitu. Ukitaka kuangalia pole pole, enda wiki ingine. Zunguka nje ukihesabu nguzo moja moja. Ukifika kumi tu, utashtuka vile 22 ni wengi.