Uzi Chini ya Ngozi: Utangulizi kwa Mgeni wa Fani ya Kuinua Uso

Huenda umeanza kusoma kwa sababu mashavu yako yameanza kushuka na rafiki amekutajia habari za nyuzi. Huenda wewe ni mwanafunzi wa utabibu au uuguzi, na urembo wa kitabibu haujapata nafasi katika mtaala wako. Vyovyote iwavyo, umepokelewa. Huhitaji kuwa umesoma anatomia ili uelewe fani hii. Unahitaji tu subira ya kuutazama uso tabaka kwa tabaka kabla ya kuuliza bei. Nina hamu kubwa ya kukuonyesha njia hiyo, kwa sababu ni tiba chache ndogo kiasi hiki zinazomlazimu mtu aujue uso mzima ili azielewe.

Kuinua uso kwa nyuzi ni hivi: daktari hupitisha nyuzi nyembamba chini ya ngozi ya uso kwa sindano, kisha huzivuta ili nyama iliyoshuka ipande kidogo na kushikiliwa pale ilipofika. Hakuna ngozi inayokatwa na kuondolewa. Mgonjwa huwekewa ganzi ya mahali tu, yaani dawa ya kuzuia maumivu katika sehemu inayotibiwa huku mwenyewe akiwa macho, na hurudi nyumbani siku ileile. Maelezo hayo yanatosha kwa mtu anayepita njia. Wewe unayetaka kukaa, tujibu maswali mawili: kilichoshuka ni nini hasa, na uzi unakishikaje?

Swali la kwanza ndilo msingi, na ndilo ambalo wengi hulipita mbio.

Mazoea ni kusema kwamba ngozi imelegea. Ni kweli, lakini ngozi ni tabaka moja tu kati ya matano. Chini yake kuna mafuta. Chini ya mafuta kuna utando mwembamba, wenye nguvu, uliounganika na misuli tunayoitumia kucheka na kununa. Madaktari wawili, Vladimir Mitz na Martine Peyronie, waliueleza utando huu mwaka 1976 wakiwa Paris, na tangu hapo upasuaji wa kuinua uso ukabadilika, kwa kuwa wapasuaji waligundua kwamba kuvuta utando kunadumu kuliko kuvuta ngozi peke yake. Chini ya utando huo kuna tabaka laini linaloruhusu uso uteleze tunaposema na kutafuna, na ndani yake zimo kano. Kano hapa ni nyuzinyuzi fupi, ngumu, zinazotoka mfupani na kwenda kushika ngozi. Mwisho kabisa ni mfupa wenyewe, na utando wake unaougandama.

Rudi kidogo kwenye mafuta, maana hapo ndipo penye utamu. Zamani yalidhaniwa kuwa tandiko moja lililoenea usoni. Mwaka 2007, Rod Rohrich na Joel Pessa, wakifanya kazi Dallas, Marekani, walionyesha jambo lingine: walidunga rangi katika nyuso za maiti na kuona kwamba haienei kila mahali, bali inajaza eneo moja na kusimama kwenye mpaka. Kumbe mafuta ya uso yamegawanyika katika vifuko, kila kimoja na kuta zake. Vifuko hivi havizeeki pamoja. Vya ndani, hasa chini ya macho na katikati ya shavu, huelekea kupungua. Vya juu, karibu na mdomo na taya, huelekea kushuka na kujikusanya. Ndiyo maana mtu yuleyule anaweza kuwa na shavu lililobonyea juu na nyama inayoning'inia chini. Si kwamba uso wote umeshuka kwa kipimo kimoja.

Chukua kioo sasa hivi, ukiweza. Jitazame ukiwa umeketi, kisha lala chali ukishikilia kioo juu yako. Utaona mashavu yamerudi kuelekea masikioni na mstari wa taya umejitokeza upya. Halafu inuka, uweke kioo mezani na ukiinamie: uso ule ule utaonekana umeongezewa miaka. Ngozi yako haikubadilika katika dakika hiyo moja. Kilichohama ni mafuta na utando unaoyabeba, na umbali yaliohama unakuambia jinsi kano zako zilivyolegea. Jaribio hili dogo linafundisha mengi kuliko picha nyingi za matangazo.

Sasa utauliza: kwa nini yote haya hulegea? Sababu ni nyingi na zinafanya kazi pamoja. Ngozi inapata uimara wake kutoka kwa kolajeni, ambayo ni protini ya nyuzi ngumu, na elastini, protini inayoiwezesha ngozi kurudi mahali pake baada ya kuvutwa. Kolajeni hupungua kadiri umri unavyosogea, na kwa wanawake hupungua kwa kasi zaidi katika miaka ya mwanzo baada ya kukoma hedhi. Jua huivunja. Sigara huivunja. Mfupa nao haubaki ulivyokuwa: matundu ya macho hupanuka, taya ya juu hurudi nyuma, na mtu aliyeng'olewa meno mengi hupoteza mfupa wa taya pale meno yalipokuwa. Kupungua uzito ghafla huacha ngozi bila kilichoijaza. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo la kuzingatia: melanini, rangi ya asili ya ngozi, hutukinga na sehemu ya madhara ya jua, kwa hiyo makunyanzi madogo huchelewa, na mara nyingi uzee wetu huanzia katikati ya uso, kwenye mashavu yanayoshuka, huku ngozi yenyewe ikiwa bado nyororo. Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa kwa kutazama nyuso nyeupe, na mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa hana budi kuvisoma akilijua hilo.

Ukishika hayo, swali la pili linakuwa jepesi.

Uzi laini hauwezi kuinua nyama. Ukiuvuta utateleza na kutoka. Lazima uwe na kitu cha kung'ang'ania. Mmarekani John Alcamo alipata hataza mwaka 1964 kwa uzi wa upasuaji wenye miiba, yaani mikato midogo ubavuni inayoacha ncha zilizoelekea upande mmoja tu. Umewahi kupita shambani ukatoka na kishonanguo kwenye sketi au suruali? Mbegu ile ina vimiiba vilivyogeuka nyuma, hivyo inaingia kwenye kitambaa bila shida lakini haitoki kwa urahisi. Uzi wenye miiba unafanya kazi hiyohiyo ndani ya mafuta ya shavu. Nyuzi nyingi za siku hizi zina miiba ya pande mbili zinazokabiliana: nusu ya juu hushika nyama ngumu ya panja, nusu ya chini hushika shavu lililoshuka, na shavu linabaki limening'inizwa kwenye panja.

Aliyeuleta uzi huo usoni na kuueneza ni Marlen Sulamanidze, mpasuaji mzaliwa wa Georgia aliyefanya kazi Moscow, mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyuzi zake za mwanzo zilikuwa za polipropilini, plastiki isiyoyeyuka mwilini. Mwaka 2004 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliruhusu nyuzi za aina hiyo zilizoitwa Contour. Wagonjwa wakazikimbilia, na miaka michache baadaye zikaondoka sokoni baada ya malalamiko kuwa matokeo hayadumu na nyuzi zinaonekana au kutokeza. Fani ingeweza kufia hapo. Ilifufuliwa na nyuzi zinazoyeyuka, na Korea Kusini ndiyo iliyozieneza zaidi.

Kuyeyuka maana yake ni kwamba maji ya mwili huuvunja uzi polepole mpaka uishe. Polidayoksanoni, ambayo wengi huifupisha PDO, imetumika kushonea majeraha hospitalini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na huisha katika miezi sita hadi minane hivi. Asidi ya polilaktiki hukaa zaidi, mwaka na zaidi. Polikaprolaktoni hukaa muda mrefu kuliko zote mbili. Najua swali linalokujia: uzi ukiisha, uso si utashuka palepale? Jibu ni kwamba mwili, ukiona kitu kigeni, hukizungushia kolajeni mpya, na kovu hilo jembamba hubaki kwa muda baada ya uzi kwisha. Linasaidia, lakini halina nguvu ya uzi. Kuna pia nyuzi laini zisizo na miiba, zinazowekwa nyingi kwa pamoja kwa ajili ya kuchochea kolajeni tu. Hizo haziinui chochote, na anayekuuzia kwa jina la kuinua uso anakupotosha.

Tuingie chumbani tuone kazi yenyewe. Daktari mzuri humchora mgonjwa akiwa ameketi, kwa sababu uliyojionea kwenye kioo: akimlaza, kilichoshuka kinajificha. Anachora mstari wa taya, mpaka wa shavu, na njia ya kila uzi. Kisha anaweka kidole kwenye panja na kutulia. Anatafuta mapigo ya ateri ipitayo hapo, ili tundu la kuingilia alitoboe pembeni yake. Ngozi inasafishwa, ganzi inadungwa, tundu dogo linafunguliwa. Kanyula, ambayo ni sindano ndefu yenye ncha butu, inapita ndani ya mafuta, juu ya ule utando wa misuli. Hapa milimita chache zina uzito mkubwa. Akipita juu mno, uzi utaonekana na ngozi itaingia vishimo. Akizama mno, atakuwa jirani na matawi ya neva ya uso, yaani mshipa wa fahamu unaoamuru misuli ya uso, na tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, ileile inayovimba mtu anapougua matubwitubwi. Kanyula ikitoka, uzi unabaki. Daktari anauvuta kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukisukuma nyama ipande juu ya miiba, anamketisha mgonjwa, analinganisha pande mbili, ndipo anakata ncha iliyobaki na kuiacha izame chini ya ngozi. Mara nyingi nyuzi huwa chache tu kila upande.

Jioni hiyo uso unavuta, na mdomo hausiti kukukumbusha kila unapopiga miayo. Wiki ya kwanza mgonjwa hulala chali, kichwa kimeinuliwa, na huacha kabisa kukandwa uso. Kwa daktari wa meno asiende kwa wiki kadhaa, maana kuachama sana kunaweza kung'oa miiba kabla nyama haijaishika.

Je, inafanya kazi? Nakujibu kwa uwazi kwa kuwa naipenda fani hii na sitaki uiingie kwa ahadi za uongo. Inafanya kazi kwa kiasi, kwa muda, na kwa baadhi ya watu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Plastic and Reconstructive Surgery yalikuta ushahidi mchache sana wa kuunga mkono madai ya matokeo ya kudumu. Anayefaidika zaidi ni yule ambaye kushuka kwake ni kwa wastani, ngozi yake bado ina unene, na mfupa wake wa shavu una umbo la kubeba nyama. Ambaye ngozi ya shingo imezidi na mashavu yameshuka chini ya taya anahitaji upasuaji wenyewe, au aachwe kama alivyo. Ambaye mafuta yake yamepungua, uzi hautamjazia kitu. Vijazio, yaani dawa mithili ya jeli zinazodungwa kurudisha ujazo, ndivyo vinavyohusika hapo. Na botoksi ni jambo la tatu kabisa: inalegeza misuli inayokunja ngozi, haivuti wala haijazi. Wageni huvichanganya vitu hivi vitatu, na kliniki nyingine huvichanganya kwa makusudi.

Kuhusu madhara, uchambuzi wa mwaka 2021 uliokusanya tafiti 26 ulikuta uvimbe kwa takriban asilimia 35 ya wagonjwa, vishimo vya ngozi kwa asilimia 10, hisia za ganzi au kuwashwa kwa asilimia 6, na maambukizi kwa asilimia 2. Vingi kati ya hivyo hupoa vyenyewe. Maambukizi hayapoi yenyewe, wala usaha hauondolewi kwa kukandwa. Kwetu wenye ngozi nyeusi nyongeza ni mbili: alama nyeusi zinazobaki baada ya jeraha, na keloidi, kovu linaloota na kuvuka mipaka ya jeraha lake. Mwenye historia ya keloidi, hata ile ya tundu la hereni, amwambie daktari kabla ya jambo lolote. Vivyo hivyo mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye chunusi zenye usaha usoni.

Ukifika mahali pa kutaka kufanyiwa, anza na leseni. Tanzania Bara, madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika; Kenya, na baraza la madaktari liitwalo KMPDC. Jina la atakayeshika sindano, si jina la kliniki, ndilo la kutafutwa humo. Kisha muulize uzi ni wa kitu gani na utaisha lini, ataupitisha tabaka gani, na kwa nini uso wako unahitaji uzi na si kitu kingine. Mwombe akuonyeshe wagonjwa wake baada ya mwaka mmoja, si baada ya wiki moja, kwa kuwa wiki ya kwanza hata uvimbe huonekana kuwa ujana. Mwisho muulize atautoaje uzi ukipata maambukizi. Daktari anayeijua kazi yake atakueleza bila kusita: atafungua tundu dogo, atautafuta uzi kwa koleo nyembamba, atauvuta kufuata mwelekeo wa miiba, na atakupa dawa ya kuua vijidudu. Asipokuwa na jibu la swali hilo, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine.