Kware si dawa, na huugua kama kuku

Huenda bado unayakumbuka, msomaji, yale mayai madogo yenye madoadoa yaliyovuma kote nchini Kenya mwishoni mwa mwaka wa 2013. Yai moja la kware liliuzwa hata kwa shilingi 100. Watu waliambiwa kwamba ukilinywa bichi litakuponya kisukari, shinikizo la damu, saratani na hata Ukimwi. Waliokuwa na akiba waliitoa, wasiokuwa nayo wakakopa, wote wakakimbilia kununua ndege. Mwaka wa 2014 ulipoingia, kila mtu akawa muuzaji na wanunuzi wakatoweka.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, kware mwenyewe hana hatia. Kosa lilikuwa katika mambo mawili yaliyotangazwa juu yake: kwamba yai lake ni dawa, na kwamba ndege huyu haugui. Ikiwa leo kuna jirani anayekushawishi uanze ufugaji huu, ni vyema kwanza ujue wataalamu wamegundua nini.

Kware anayefugwa kwa wingi ni yule wa Kijapani. Usimchanganye na kware wa porini, ambaye Waluo humwita aluru na ambaye tangu jadi hunaswa huko Siaya kwa kutumia wenzake walio kwenye vizimba, ambao sauti zao huwavuta walio huru.

Kware wa Kijapani ni ndege wa haraka. Yai lake huanguliwa kwa siku 17 hivi, ilhali la kuku huchukua siku 21. Kifaranga akitoka huwa na uzito usiozidi gramu 10, na akifikisha majuma sita au saba huanza kutaga.

Kwa sababu ya wepesi huo na udogo wa mwili wake, wanasayansi wamempenda sana. Mwaka wa 1969, mtafiti Mfaransa Nicole Le Douarin aligundua kwamba chembe za mwili wa kware zinaweza kutofautishwa na za kuku zikitazamwa kwa hadubini. Akawa anapandikiza chembe za kware ndani ya yai la kuku lenye kiinitete, kisha anafuatilia zinakokwenda. Kwa njia hiyo tulijifunza mengi kuhusu jinsi neva na viungo vinavyojengeka kabla ya kiumbe kuzaliwa. Na mwaka wa 1990, vifaranga wa kware walianguliwa ndani ya chombo cha Mir kilichokuwa kikizunguka angani, wakawa ndege wa kwanza kuzaliwa huko.

Je, ni kweli kwamba haugui? La hasha! Upo ugonjwa ambao kwa miaka mingi uliitwa ugonjwa wa kware, kwa kuwa ndiye unayemshambulia vikali kuliko ndege wengine. Ulielezwa huko Marekani mwaka wa 1907. Huletwa na bakteria aitwaye Clostridium colinum, ambaye hutoboa vidonda kwenye utumbo na kuliharibu ini.

Ubaya wake ni kwamba huja kwa kishindo. Unaweza kumkuta kware amekufa akiwa mnono, chakula kikiwa bado kooni. Wengine huharisha kinyesi cheupe cha majimaji, manyoya yakatimka, wakajikunyata. Kundi la kware wachanga linaweza kumalizika lote kwa siku chache. Maradhi haya huenezwa kwa kinyesi na kwa nzi, na vijidudu vyake hukaa katika matandazo ya banda kwa muda mrefu. Kuleta ndege wapya katika banda lililotokea vifo bila kulisafisha ni kuwapeleka machinjioni.

Isitoshe, kware anaweza kubeba maradhi ya wengine. Virusi vya Newcastle, vinavyowafyeka kuku, vinaweza kuwamo mwilini mwa kware asiyeonyesha dalili kubwa. Huko Hong Kong mwaka wa 1997, homa ya ndege ya H5N1 iliwapata watu 18, na 6 kati yao wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba kware waliouzwa hai sokoni walikuwa na virusi vya aina nyingine, H9N2, ambavyo baadhi ya jeni zake zililingana sana na za vile vilivyowaua watu. Kware wakatengwa na kuku, na mwaka wa 2002 wakaondolewa kabisa katika masoko hayo ya ndege hai.

Na yai lenyewe? Ni chakula kizuri chenye protini, vitamini na madini. Lakini gramu kwa gramu, halijapishana sana na la kuku. Lina uzito wa gramu 10 hivi, kwa hivyo utahitaji matano kupata kiasi cha yai moja la kuku. Waliolinunua kwa shilingi 100 walikuwa wakilipa shilingi 500 kwa kile ambacho kuku angewapa kwa bei ya chini mno. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba linaponya Ukimwi wala saratani. Mgonjwa aliyeacha vidonge vyake kwa sababu ya mayai alijihatarisha. Kulinywa bichi nako kunaweza kukuletea salmonela.

Kwa hivyo, msomaji, ukitaka kufuga kware, anza hivi. Waulize maafisa wa KWS kuhusu leseni, kwani ufugaji huu huko nyuma uliwaponza wengi waliouanza bila kibali. Tafuta wanunuzi kabla ya kununua ndege. Wafuge kwenye vizimba vyenye sakafu ya waya ili kinyesi kidondoke chini, na ukiondoe mara kwa mara. Usiwachanganye na kuku, wala wageni na wenyeji. Wakianza kufa ghafla, mpelekee daktari wa mifugo mzoga ungali mbichi aupasue, badala ya kubahatisha dawa dukani.

Na ukipenda mayai yake, yachemshe yaive, uwape watoto wafurahie. Ni kitoweo, si tiba.