JE, WAJUA? Nyota tele, mabao haba

Je, wajua kuwa goli la hoki ya barafuni lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22 tu? Mweke hapo golikipa mwenye pedi nene miguuni na kinachobaki ni vipenyo: juu ya mabega, kwapani, katikati ya miguu.

Kanada walikiona cha moto kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Kikosi kilijaa nyota, lakini nusu fainali dhidi ya Jamhuri ya Cheki ikaisha 1-1, tena bao la Kanada likija dakika za mwisho kabisa. Kwenye penalti, Wakanada watano walimfuata golikipa Dominik Hašek mmoja mmoja. Wote watano walikosa. Wayne Gretzky, aliyekuwa kinara wa mabao wa NHL (ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini), hakupangwa hata kupiga (uamuzi wa ajabu, ukiniuliza).

Shida ni kwamba golikipa akikiona kisahani kinachochezewa tangu kinatoka kwenye fimbo, mara nyingi hukizuia, hata kipigwe na nani. Kinachomsumbua ni pasi ya kukatiza mbele ya goli, au mtu anayesimama kumziba macho na kuwania kisahani kikitemwa. Kazi hiyo ni ya kupigwa viwiko na fimbo za mgongo, na mafundi wengi huikwepa.

Huko Nagano, Cheki walitwaa dhahabu kwa kuifunga Urusi 1-0. Kanada walifungwa na Finland 3-2 kwenye mechi ya kuwania shaba, wakarudi nyumbani bila medali.