Bwawa Baada ya Mafuriko

Mto Mkomazi hupita katika bonde lililo baina ya Milima ya Upare na Usambara. Mvua kubwa inyeshapo, Bwawa la Kalimawe, lililojengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kilimo cha umwagiliaji, hujaa. Mwanachama wa Lushoto atakaye kushuka huko mapumzikoni, kuvua na kupiga kafi, yampasa kuielewa hali hiyo.

Maji ya mafuriko huchukua udongo wa mashamba ya milimani, yakawa mekundu. Visiki vilivyozama havionekani, na mtumbwi mwembamba ukigonga kimoja hupinduka.

Samaki nao wana majira yao. Kambare huingia penye majani yaliyofunikwa na maji ili kutaga. Perege jike huatamia mayai na watoto wake kinywani. Akinaswa, kizazi chote hupotea.

Hivyo yafaa kungoja maji yatulie, kuepuka nyavu za matundu madogo, na kuongozana na mwenyeji ajuaye mkondo. Na kila tuta linalochimbwa mlimani hupunguza udongo utuao bwawani.