Sakania: reli yenye umri wa zaidi ya miaka 100 haina njia ya kando

Reli ilifika Sakania mwishoni mwa mwaka wa 1909, ikitokea nchi ambayo leo ni Zambia. Mwaka wa 1910 ikafika Élisabethville, Lubumbashi ya sasa, umbali wa kilomita zipatazo 255. Hadi leo, hakuna reli nyingine inayounganisha Lubumbashi na mpaka huo.

Ndiyo maana umri wa vifaa unawagusa wakaaji wa hapa. Reli haichakai kwa siku moja. Chuma kinalika polepole, hasa kwenye kona. Mataruma ya mbao yanayoshika reli yanaoza au yanaliwa na mchwa. Wakati wa mvua kokoto za chini zinajaa matope na njia inalegea. Dereva analazimika kupunguza mwendo. Kisipofanyika kitu, treni inaweza kutoka njiani.

Matokeo ya ajali ya namna hiyo yanajulikana. Mwezi wa Machi 2022, treni ya mizigo iliyobeba pia watu ilianguka Buyofwe, eneo la Lubudi, jimbo jirani la Lualaba. Watu zaidi ya 60 walikufa.

Nchi tajiri nazo zilijifunza kwa uchungu. Tarehe 18 Novemba 1987, moto ulianza chini ya ngazi ya umeme ya mbao kwenye gare ya chini ya ardhi ya King's Cross, London. Watu 31 walikufa. Ngazi hiyo ilikuwa ya mwaka wa 1939. Leo ngazi za London zikizeeka zinabadilishwa kwa zamu. Kazi inachukua miezi mingi, lakini abiria wanatangaziwa mapema na wanaonyeshwa njia nyingine.

Sakania haina nafasi hiyo. Mafundi wakifunga reli, mizigo inahamia kwenye malori, na foleni ya Kasumbalesa, katika eneo hilohilo la Sakania, inazidi kurefuka. Mchuuzi ndiye anayelipia siku hizo za kungoja.

Kuanzia mwaka wa 2010, Benki ya Dunia ilisaidia shirika la reli SNCC kupitia mradi wa usafiri, PTM. Lakini reli inadai matunzo kila mwaka: kubadilisha mataruma kipande kwa kipande, wakati wa kiangazi, na kuwatangazia wafanyabiashara mapema siku na saa za kufunga njia. Kufunga kwa mpango kunasimamisha mizigo kwa saa chache. Ajali inaweza kuisimamisha kwa siku nyingi, tena bila taarifa.