Je, Wajua? Fundo la Kikelti na Lulu ya Texas

Kila Machi, Fair Park mjini Dallas hujaa wageni wa tamasha la Kiayalandi la kaskazini mwa Texas. Kwenye sherehe kama hizo masonara hawakosekani: pete, hereni na vidani vya dhahabu vyenye mafundo ya Kikelti, vingine vikibeba lulu katikati. Muuzaji atakuambia fundo hili ni penzi la milele, lile ni baba, mama na mtoto. Msikilize, lakini usilipie hadithi. Watawa waliochora mafundo ya Kitabu cha Kells, hati ya kale ya Injili, yapata mwaka 800, hawakuacha maelezo ya maana zake.

Je, wajua kwamba huenda asili ya mafundo hayo ni karibu na kwetu kuliko inavyodhaniwa? Misuko ya namna hiyo, uzi ukipita juu kisha chini kama ukili wa mkeka, ilikuwepo kwenye sakafu za Kirumi na katika sanaa ya Wakristo wa Misri, na baadhi ya wataalamu huona mkono wa Misri katika vitabu vya Ayalandi. Mwaka 2006 mchimbaji katika kinamasi cha Tipperary, Ayalandi, aliibua kitabu cha Zaburi cha takriban miaka 1,200. Ndani ya jalada lake la ngozi wahifadhi walikuta mafunjo, yale ya Misri.

Bizimu ya Tara, pambo la kale la Ayalandi lililookotwa Bettystown mwaka 1850, ni ya karibu mwaka 700. Ni fedha iliyopakwa dhahabu, ikapambwa kwa nyuzi za dhahabu nyembamba ajabu. Dhahabu huvumilia kazi hiyo: gramu moja yaweza kuvutwa ikawa uzi wa zaidi ya kilomita 2. Lakini vito vya bizimu hiyo ni kaharabu na kioo. Kuweka lulu ndani ya fundo ni chaguo la sonara wa leo.

Na Texas ina lulu zake. Mto Concho, magharibi mwa jimbo hilo, una kome wa maji baridi ambao hutengeneza lulu za waridi hadi zambarau, bila kupandikizwa na mtu. Mji wa San Angelo unajivunia lulu hizo. Mito ya Uskoti nayo ilikuwa na lulu, lakini wavuvi waliwamaliza kome kiasi kwamba tangu 1998 sheria ya Uingereza imekataza kuwavua.

Lulu humlazimisha sonara kubadili mpangilio wa kazi. Haivumilii moto, kwa hiyo fundo husukwa, hulehemiwa na kusuguliwa kwanza. Lulu, ikiwa imetobolewa, hugundishwa mwisho kabisa kwenye kijiti cha dhahabu. Haipendi manukato wala jasho pia, na kwa joto la Houston mvaaji afadhali aifute kwa kitambaa laini kila avuapo. Mkufu mzuri wa lulu nao una mafundo: hariri hufungwa kati ya lulu na lulu ili zisisuguane, na uzi ukikatika idondoke moja tu.

Houston ndiyo yenye mshangao mkubwa zaidi. Jumba la sanaa la mji huo lina mkusanyiko wa dhahabu ya Afrika uliotolewa na Alfred C. Glassell Jr., sehemu kubwa ikiwa kazi ya Waakani wa Ghana na Kodivaa. Hawa, tofauti na watawa wa Kells, wana fundo lenye maana inayojulikana: nyansapo, fundo la hekima, ambalo mwenye busara pekee hulifungua.

Ukienda mtaa wa Hillcroft mjini humo, eneo linaloitwa Mahatma Gandhi tangu 2010, utaona maduka ya Kihindi yenye dhahabu ya karati 22, kama yale ya Mombasa au Dar es Salaam. Fundo la Kikelti kwa kawaida ni karati 14 au 18, kwa kuwa dhahabu safi ni laini mno kwa nyuzi nyembamba za kuvaliwa kila siku. Geuza pete utafute namba 585 (karati 14) au 750 (karati 18). Sheria ya Marekani inataka penye alama ya karati pawepo pia alama ya aliyeigonga, na lulu iliyofugwa isiuzwe kama ya asili.