Lita 22.4: za Joto Gani, za Mgandamizo Gani?

Wanafunzi wengi wa kemia wa sekondari huikariri namba 22.4, yaani lita zinazojazwa na moli moja ya gesi katika hali sanifu. Huifikiria kama sheria ya maumbile, kumbe ni zao la makubaliano ya watu. Anayeitaja bila jotoridi na mgandamizo wa hewa hajasema kitu. Gesi hutanuka ikipata joto, na hunywea mgandamizo ukizidi. Moli moja ya oksijeni, gramu 32, hujaza karibu lita 25 Dar es Salaam, usawa wa bahari, penye nyuzi joto 30. Ipandishe Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, siku ya nyuzi 20, nayo itajaza lita 29 hivi, ubaridi wa huko usiizuie, kwa kuwa hewa ya juu hugandamiza kidogo. Gramu ni zilezile 32.

Ndipo ikalazimu kuchagua hali moja ya kulinganishia. Nyuzi sifuri zilifaa kwa sababu joto la barafu inayoyeyuka halibadiliki ovyo, na maabara yoyote huweza kulipata. Mgandamizo ukawa angahewa moja, kilopaskali 101.325, hadi mwaka 1982 IUPAC, chombo cha kimataifa cha kemia, kilipoushusha kuwa kilopaskali 100 kamili. Moli ikawa lita 22.7, ingawa vitabu vingi vya shule vimeng'ang'ania 22.4.

Atakayesema tofauti hiyo ya asilimia 1.3 ni ndogo mno kumsumbulia mwanafunzi, darasani nakubaliana naye. Sokoni sikubali. Kiwango cha ISO 13443 cha gesi asilia hutumia nyuzi 15, na gesi inayojaza mita za ujazo 1,000 kwenye sifuri hujaza 1,055 kwenye nyuzi hizo, mgandamizo ukiwa uleule. Mkataba usiotaja hali ya kipimo umeacha zaidi ya asilimia 5 ya mali bila mwenyewe. Basi kwa nini dunia isichague hali moja tu? Kwa sababu kila fani huchagua joto lililo karibu na kazi yake, na hilo halina ubaya mradi liandikwe. Hata mtihani unaotoa lita 24 kwa "joto la chumba" ungeeleza kwamba chumba hicho kina nyuzi 20 na kiko usawa wa bahari. Si chumba cha Arusha, wala cha Eldoret.